SIKU MOJA GEDI: MSITU, MJI NA KISIMA

Yako mawazo ya kale, ambayo mpaka leo hayajaisha katika nchi, kwamba kujifunza ni kazi ya watoto, na kwamba mtu akisha kupata nyumba, shamba na mvi mbili tatu, basi elimu imekwisha kumpita. Watu waliokutana Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, saa kumi na moja alfajiri, kando ya barabara ya Kaloleni, hawakuwa na mawazo hayo. Walikuwa watu 26, wanaume kwa wanawake, wote wanafunzi wa darasa la watu wazima, yaani ngumbaru kama lilivyozoewa kuitwa nchini Kenya, ambalo hukutana jioni mara mbili kwa juma baada ya kazi za mashamba na za ofisi. Aliyekuwa mdogo wao alikuwa karani wa miaka 24 aliyetaka kuongeza elimu yake. Aliyekuwa mkubwa wao alikuwa mzee wa miaka 67, mkulima wa minazi na mihogo, aliyeanza kushika kalamu akiwa na wajukuu saba.

Safari hiyo haikutoka mbinguni. Kila mmoja alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo kwa muda wa miezi mitano, kwani haba na haba hujaza kibaba, mpaka ikapatikana nauli ya basi dogo na ada za viingilio. Kina mama walikuja na vikapu vya mahamri, mbaazi za nazi na mihogo ya kuchemsha. Mwalimu alikuja na daftari 26 na kalamu za risasi, akampa kila mtu yake, akasema:

"Ndugu zangu, habari za Gedi mmezisoma katika kitabu, kurasa mbili tu. Leo mtaziona kwa macho. Andikeni mnaloliona, wala msiandike mnalodhani kwamba mimi napenda kulisikia."

Basi likashuka mpaka Mavueni, likavuka daraja la Kilifi jua linapochomoza. Mzee aliwaonyesha vijana maji yale chini, akawaeleza jinsi watu walivyokuwa wakingojea pantoni mahali hapo, pengine nusu ya siku, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Karani yule, ambaye wakati huo alikuwa hajazaliwa, aliandika maneno hayo katika daftari lake. Hivyo somo la kwanza la siku ile lilitoka kwa mwanafunzi, wala halikutoka kwa mwalimu.

KATIKA MSITU WA ARABUKO-SOKOKE

Mtu asafiriye kutoka Kilifi kwenda Malindi huona mikorosho, miembe na mashamba ya mahindi, kisha ghafula, upande wa kushoto, huona ukuta wa miti usiokatika kwa maili nyingi. Huo ndio msitu wa Arabuko-Sokoke. Una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, nao ni mkubwa kuliko misitu yote ya namna yake iliyobaki katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Zamani misitu kama huo ilifuata pwani kutoka Somalia mpaka Msumbiji, lakini imekatwa vipande vipande, na huu umebaki kama nguo mpya katika sanduku la matambara. Serikali ya wakati wa ukoloni iliutangaza kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1943.

Pale kituoni, karibu na Gede, walipokewa na kijana kiongozi wa wageni, mzaliwa wa kijiji cha jirani. Aliwaamkia wazee kwanza, mmoja mmoja, kama inavyopasa, kisha akaomba jambo moja tu: watu wanyamaze. Kwa watu 26 waliotoka kucheka ndani ya basi ombi hilo halikuwa jepesi, lakini walijitahidi, na baada ya robo saa walipata ujira wao. Mnyama mdogo, mkubwa kiasi cha sungura, mwenye pua ndefu kama mkonga mfupi, na makalio ya rangi ya dhahabu yanayong'aa, alikatiza njia akirukaruka, akasimama, akapekua majani kwa pua yake, kisha akatoweka.

"Sange," akanong'ona mama mmoja. "Hata kwetu walikuwapo, nilipokuwa msichana."

Kiongozi aliwaeleza kwamba sange wa makalio ya dhahabu hapatikani ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya, na kwamba wengi wao wamo katika msitu huu. Hula wadudu, hukaa dume na jike wake katika eneo lao, na hujenga vitanda vya majani makavu juu ya ardhi. Lililowashangaza watu zaidi ni hili: wataalamu waliochunguza damu na mifupa ya wanyama wameona kwamba sange si ndugu wa panya, ijapokuwa anafanana naye. Ukoo wake uko karibu zaidi na ndovu na pimbi. Ndovu nao wamo katika msitu huo huo, wamezuiliwa kwa ua wa umeme wasiingie katika mashamba. Karani aliuliza kama ni mzaha. Kiongozi akajibu kwamba sura ya mtu si cheti cha ukoo wake, na wazee wakakubali kwamba hapo amesema kweli.

Waliambiwa pia habari za bundi wa Sokoke, ambaye hazidi urefu wa kalamu ya risasi, na habari za ndege wengine zaidi ya aina 200 na vipepeo zaidi ya aina 250. Lakini ilipofika habari ya miti, mambo yaligeuka. Kiongozi alijua majina ya kitaalamu ya miti mingi. Mzee wa miaka 67 alijua kazi zake. Alionyesha mrihi, akasema kwamba ukichanua nyuki hawaendi mahali pengine. Alionyesha muhuhu, akaeleza kwa nini nguzo yake hailiwi na mchwa, na kwa nini basi umekatwa mno na wachongaji na wajenzi. Alitaja mizizi ya kutuliza tumbo, na majani ambayo mbuzi akiyala hufa. Kiongozi alitoa daftari lake mwenyewe akaanza kuandika, naye mwalimu akaandika, na kwa muda wa nusu saa mtu aliyejifunza kusoma uzeeni alikuwa mwalimu wa wote.

Kisha wakafika penye mbambakofi mkubwa, mti ambao mbao zake zilitengeneza milango mingi ya fahari katika miji ya pwani. Mzee aliweka kiganja chake juu ya gome lake, akakaa kimya. Alipoulizwa kulikoni, alisema tu kwamba na yeye anayo mitatu kama huo shambani kwake, karibu na kisima. Hakusema zaidi, nao hawakumwuliza.

Kabla hawajaondoka msituni walielezwa jambo ambalo wakulima walilisikiliza kwa masikio mawili. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 watu wengi waishio kando ya msitu walitaka ukatwe na kugawanywa uwe mashamba, kwani waliona ni mali ya Serikali na ndovu wake, wala hauwafaidii kitu. Mwaka 1993 ulianzishwa pale Gede mpango uitwao Kipepeo. Wakulima hufuga viwavi wa vipepeo vya msituni kwa majani ya miti ya msituni, na kiwavi akisha kujifunga ndani ya kifuko chake, huuzwa akiwa katika hali hiyo na kupelekwa kwa ndege Ulaya na Marekani, ambako kuna nyumba za vioo za kuonyeshea vipepeo. Mama mmoja aliuliza mara mbili kama ni kweli kwamba Mzungu hununua kiwavi. Ni kweli. Kiwavi huyo hutaka majani ya mti wake, na mti wake hutaka msitu. Basi aliyekuwa akiuona msitu kuwa adui wa tumbo lake alianza kuuona kuwa ghala.

MJI ULIOKAA KIMYA

Kutoka hapo mpaka magofu ya Gedi si mbali. Mji huo umo ndani ya kimsitu chake wenyewe, na mtu huingia kutoka kwenye jua kali la barabarani akakuta kivuli, ubaridi, na mizizi iliyokumbatia kuta za mawe kama vidole. Wengi wa kundi lile waliishi maisha yao yote katika wilaya zilizo karibu, na wengi hawakuwa wamepakanyaga, kwa sababu tangu utotoni waliambiwa kwamba pana mashetani, na kwamba aendaye peke yake huhisi mtu akimfuata nyuma.

Kiongozi wa mahali hapo hakuwacheka. Aliwaambia kwamba hofu hiyo imefanya kazi ya askari kwa muda wa karne tatu. Watu hawakubomoa kuta kuchukua mawe, wala hawakukata miti iliyoota ndani yake. Vivyo hivyo kaya za Wamijikenda zimebaki na misitu yake kwa sababu ya heshima na miiko ya wazee, hata misitu hiyo ikaandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Gedi nayo iliandikwa katika orodha hiyo mwaka 2024.

Mji wa Gedi ulianza yapata miaka 800 au zaidi iliyopita. Ulisitawi sana katika karne ya kumi na nne na ya kumi na tano, na mwanzoni mwa karne ya kumi na saba ulikuwa umeachwa. Ukuta wake wa nje, uliokuwa na urefu wa futi zipatazo tisa kwenda juu, ulizunguka ekari 45. Ndani yake mlikuwa na msikiti mkuu, misikiti mingine midogo, jumba la mtawala lenye nyua na vyumba vya baraza, nyumba za mawe za wenye mali, na nyumba za udongo na makuti za watu wengine, ambazo hazikuacha alama ila chini ya ardhi. Kaburi moja lina tarehe iliyoandikwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani mwaka 1399, na kaburi hilo limewasaidia sana wataalamu katika kuhesabu umri wa vitu vingine.

Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza katika Unguja, alifika hapo mwaka 1884. Lakini habari zake zilianza kujulikana vizuri mwaka 1948, alipokuja James Kirkman, akafyeka na kuchimba kwa miaka kumi. Nyumba nyingine zilipewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kasha la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma. Zilionekana sarafu na vyombo vya China, na ushanga kutoka Venice, nchi ya Italia. Hayo yote yalifika hapa, mahali palipo maili nne kutoka baharini, kwa majahazi yaliyofuata pepo za kaskazi na kusi.

Wanafunzi walipita chumba kwa chumba. Waliona vidaka ukutani vya kuwekea vyombo. Waliona vyoo vya ndani vilivyojengwa kwa mawe, pamoja na mahali pa kutawadhia, na kina mama walisema kwa kicheko kwamba mwenye nyumba ile wa miaka 600 iliyopita aliwashinda waume zao. Waliona msikiti mkuu, kibla chake kikielekea kaskazini, na juu ya tao la mlango mmoja mchoro wa mkuki wenye bapa pana. Mzee alitazama mkuki ule kwa muda mrefu.

Ndipo yakazuka mabishano, nayo yalikuwa mabishano mema. Karani alisema alisoma shuleni kwamba miji hii ilijengwa na wageni waliotoka Arabuni na Uajemi, na kwamba wenyeji walikuwa watumishi tu. Mama mmoja, mfinyanzi wa vyungu, hakukubali. Katika jumba la makumbusho lililo karibu na lango alikuwa ameona vigae vya vyungu vya kupikia, na alisema kwamba mkono uliofinyanga vyungu vile anaujua.

Kiongozi alitoa hukumu kwa utaratibu. Ni kweli, alisema, kwamba wataalamu wengi wa zamani waliandika kwamba waliojenga walikuwa wageni. Lakini uchimbaji wa miaka mingi umeonyesha kwamba miji hii ilikua kutoka vijiji vya wenyeji, kwamba nyumba za udongo zilitangulia nyumba za mawe, na kwamba sehemu kubwa ya vyombo vilivyookotwa Gedi vilifinyangwa papa hapa pwani. Kisha mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale kutoka makaburi ya miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Wengi wao walionekana kuwa na asili mbili: upande wa mama, Waafrika hasa, upande wa baba, wengi walichanganyika na watu wa Asia, na zaidi wa Uajemi, tangu miaka ipatayo 1,000 iliyopita. Basi wageni walikuja kweli, lakini walikuja kuoa katika nyumba zilizokuwapo.

"Nilisema nini?" akauliza mama mfinyanzi.

Karani hakuona haya. Alikata mstari katika daftari lake, akaandika upya chini yake. Mwalimu alipoona hivyo alifurahi kuliko alivyofurahishwa na jibu lolote la siku ile, kwani kijana asiyeona aibu kusahihisha maandishi yake amekwisha kufika mbali.

HABARI YA KISIMA

Karibu na msikiti mkuu kuna kisima kirefu. Walikizunguka, wakatazama chini, nao hawakuona maji. Kiongozi akaeleza kwamba kisima hiki kilichimbwa, kisha baadaye kikachimbwa tena kwenda chini zaidi, na kwamba hiyo ni dalili kuwa maji ya ardhini yalikuwa yakishuka watu wangali wakiishi humo.

Sababu za kuachwa kwa mji zimetajwa nyingi. Mwishoni mwa karne ya kumi na sita Wazimba walipita pwani wakiteketeza miji. Katika miaka ya 1590 Wareno walimhamisha mtawala wa Malindi wakamweka Mombasa, na biashara ya upande huu ikapungua. Wagalla, ambao leo huitwa Waoromo, walishuka kutoka kaskazini, wakatisha vijiji vyote vya pwani. Na pamoja na hayo yote, maji. Mji wenye adui unaweza kujenga ukuta, na mji uliopungukiwa na biashara unaweza kulima. Lakini mji usio na maji hauna la kufanya ila kuondoka.

Hapo mzee akazungumza, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alisema maneno mengi. Alieleza kwamba ile mibambakofi yake mitatu imezunguka kisima alichochimba baba yake. Mwezi uliopita alikuja mfanyabiashara wa mbao, akaipima kwa kamba, akataja bei nzuri, akatoa arubuni. Fedha hizo mzee alikusudia zilipe karo ya mjukuu wake wa kike, aliyekuwa aingie shule ya sekondari. Miti ilikuwa ikatwe juma lile lijalo.

Watu wakanyamaza. Mwalimu, aliyekuwa mtu wa haki, aliona hafai kumwacha mzee apotoshwe na uchungu wake. Akasema kwa upole:

"Mzee, kitabu hakisemi kwamba ukataji wa miti ndio uliokausha kisima hiki cha Gedi."

"Sikusema hivyo, Mwalimu," akajibu mzee. "Nasema tu kwamba wenye mji huu walikuwa na vyombo vya China na shanga za Ulaya, na bado hawakupata mahali pa kununua maji."

Hakuna aliyeongeza neno. Walikaa chini ya mbuyu mkubwa, wakafungua vikapu, wakala mahamri na mbaazi, na mazungumzo yakarudi polepole. Mkulima mmoja wa makamo alisema kwamba kwake kisima kimeshuka futi sita tangu alipokuwa kijana. Mwingine akasema kwake hakijashuka hata kidogo. Mwalimu akawauliza kama kuna aliyepata kupima na kuandika. Hakuna. Kila mtu alikuwa na habari za kichwani, wala hakuna aliyekuwa na habari za karatasini.

MIKOKO YA MIDA

Alasiri basi lilishuka mpaka hori ya Mida, ambako maji ya bahari huingia ndani ya nchi na kuzungukwa na mikoko. Hori hiyo ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968. Pana njia ya mbao iliyoning'inizwa kwa kamba kati ya miti, ambayo hucheza kila mtu akanyagapo, na kina mama wawili walikataa kabisa kuipita, wakangojea pwani wakiwatazama wenzao wakiyumba kama walevi. Ada ya njia hiyo huingia katika mfuko unaosaidia karo za watoto wa sekondari waishio karibu na msitu na hori, mpango ulioanza mwaka 2001. Mzee aliuliza habari za mpango huo kwa makini, akaambiwa ni kwa watoto wa vijiji vya pale tu.

Walionyeshwa kwamba mikoko si mti mmoja. Kuna mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, kuna muia, mkandaa, mchu na mlilana, na kila mmoja una mahali pake, kadiri ya maji na chumvi unavyovumilia. Mizizi yake huzuia matope, na samaki wengi na kamba hukulia humo wangali wadogo. Kutokana na miti hiyo hutoka fito, pau, mazio na boriti, ambazo kwa karne nyingi zilipakiwa katika majahazi zikapelekwa Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na mbao. Mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilikataza zisiuzwe nje, kwa kuwa miti ilikuwa ikipungua.

Hapo karani akapiga kelele ghafula, mpaka ndege wakaruka. Alikuwa amekumbuka kwamba katika magofu aliona vyumba vyote vya Gedi ni virefu lakini vyembamba, hata akapima kimoja kwa hatua akaona si zaidi ya futi nane au tisa kwenda upande, naye akashangaa jinsi tajiri alivyokubali kulala katika chumba kama ujia. Sasa aliona sababu. Dari za nyumba zile zilikuwa za mawe na chokaa, nazo zilibebwa na boriti. Boriti ya mkoko ina nguvu kwa urefu wake fulani tu. Ukiizidisha, itapinda na dari itaanguka. Basi upana wa chumba cha tajiri uliamriwa na mti uliosimama matopeni. Msitu, mji na hori, vitu vitatu walivyoviona mbalimbali tangu asubuhi, vilikuwa kitu kimoja.

Ndege walioruka walirudi kutua matopeni. Miongoni mwao walikuwapo ndege weupe kwa weusi wenye mdomo mnene, walao kaa. Hao huzaa katika mashimo ya mchanga kwenye pwani za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, kisha huja Mida kupitisha miezi ya baridi ya huko kwao, na kurudi tena msimu ugeukapo. Njia yao ni ile ile ya majahazi. Majahazi ya biashara ya boriti yamekwisha, lakini ndege hawajaacha safari yao.

KURUDI

Walipokuwa wakipanda basi, mwanamume mmoja alimwendea mwalimu kwa siri, akatoa mfukoni kigae kidogo cha rangi ya kijani kibichi alichokiokota Gedi. Alisema alitaka kumwonyesha mwanawe. Mwalimu hakumgombeza. Alimwuliza tu, kama kila mgeni tangu mwaka 1948 angalichukua kimoja, yeye leo angaliona nini. Basi likageuka, likapita tena kwenye lango la magofu, na mtu yule akashuka mbele ya wenzake wote akakirudisha mkononi mwa kiongozi. Ilikuwa vigumu kwake, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemcheka.

Juma lililofuata darasa lilikutana kama kawaida. Walikubaliana kwamba kila mwanafunzi atapima kina cha maji ya kisima chake kwa kamba yenye mafundo, tarehe moja ya kila mwezi, na kukiandika katika lile daftari la Gedi. Na kwamba majina na kazi za miti ambayo wazee wanaijua yataandikwa yasipotee. Hesabu ya visima si kazi kubwa. Haitaki fedha wala mashine. Lakini baada ya miaka kumi watu hao watakuwa na kitu ambacho wenye mji wa Gedi hawakuwaachia watoto wao.

Mzee alichelewa kufika jioni ile. Alikuwa amekwenda kumrudishia mfanyabiashara arubuni yake, naye mfanyabiashara hakupendezwa. Karo ya mjukuu imelipwa nusu, kwa mbuzi wanne waliouzwa mnadani, na nusu iliyobaki mzee bado anaitafuta. Hakulijutia wala hakulitukuza jambo hilo. Alikaa mahali pake pa siku zote, karibu na taa, akafungua daftari katika ukurasa mpya, akaandika kwa herufi kubwa zisizolingana: Kisima cha baba. Futi 31.

Wahenga walisema, kutembea kwingi, kuona mengi. Lakini aonaye asiandike ni sawa na atekaye maji kwa pakacha. Wako wakulima na makarani katika kila wilaya ambao kwao kuna gofu, kaya, kilima au mto wenye habari zake, nao hupita hapo kila siku wakienda sokoni bila kutazama. Safari kama hiyo haitaki umri wala cheo. Yataka akiba ya miezi michache, kikapu cha mihogo, kalamu ya risasi, na mzee mmoja anayejua majina ya miti.